Vifungo Vitano Kabla ya Mwisho

Kila Jumamosi saa nane mchana, Kimya alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Alitundika shuka jeupe ukutani, akafunga mapazia, akafuta lenzi ya projekta kwa kitambaa laini, akaweka birika kuukuu kwenye korido nyuma ya pazia, kisha akamimina bisi kwenye sahani kubwa ya bati. Jina la Kimya alipewa na babu yake tangu utotoni, kwa kuwa akiulizwa jambo mbele ya wageni, hujibu wageni wakishaondoka.

Jumamosi hii sahani ya bati haikuonekana. Aliangalia kabatini, chini ya sinki, hata juu ya friji. Akaona haya kumsumbua babu yake, akamimina bisi kwenye beseni.

Siku yenyewe haikuwa ya kumsumbua. Babu, aliyekuwa fundi wa kuonyesha sinema mpaka jumba lao lilipofungwa, alikuwa anahama. Keshokutwa angeondoka kwenda kuishi kwa mwanawe mkubwa, safari ya siku nzima kwa basi. Projekta na mikanda yote alikuwa amekipa chuo, na gari la chuo lingefika saa kumi na mbili jioni. Ilibaki filamu moja tu ya zamani ya Hollywood ambayo wanachama wa chama chao kidogo cha kutazama filamu hawajaiona. Babu aliiweka mwisho kwa makusudi. "Niliiona na bibi yako kabla hatujaoana," alimwambia Kimya. "Nataka niuone mwisho wake mara moja tena. Basi."

Wanachama walifika mmoja mmoja. Mama Vifungo, fundi cherehani wa jirani, aliingia na kelele zake na kopo lake la vifungo. Sista, muuguzi wa nyumba ya pili, alitoka zamu moja kwa moja akiwa na mkoba mkubwa, akapitia stoo kwanza, akatoka huko akijifuta mikono. Mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa ameshafika zamani, amekaa kwenye kiti chake cha mbele, na koti lake jeusi asilolivua hata jua likipasua mawe. Huyo walimwita Mzee Nusu, kwa sababu siku moja alimwomba Mama Vifungo amkatie kifungo katikati: filamu ile, alisema, ilistahili kimoja na nusu.

Maana ndivyo walivyotoa maksi. Kila mtu alipewa vifungo vitano vyeusi, vipya, vya saizi moja. Filamu ikiisha, ungekwenda nyuma ya pazia peke yako na kutia kwenye birika vile unavyoona vinastahili. Ndani ya birika, chini, kulikuwa na kitambaa, ili mlio usimchongee mtu. Na sheria ilikuwa moja: hakuna kutia kitu mpaka neno la mwisho litokee ukutani. Filamu isiyoisha haina maksi.

Mama Vifungo alitia vyote vitano kila palipokuwa na gauni zuri. Mzee Nusu hakuwahi kuvuka viwili. "Vitano," alikuwa akisema, "nitatoa siku nitakayoona kitu kisicho na kasoro."

Mama Vifungo alipomaliza kugawa, kopo lilibaki tupu, akaliweka mapajani. Taa zikazimwa.

"We Mwalimu, shusha kichwa!" alifoka picha ilipoanza. "Leo umerefuka? Kivuli chako kimekalia kofia ya yule bibie!"

"Mimi nimekaa nilipokaa miaka yote," alijibu Mzee Nusu, akijikunyata.

Filamu ilikuwa na mikanda minne. Kila mmoja ulipoisha, Babu aliwasha taa, akabadilisha, na watu wakanyoosha miguu: huyu maji, huyu simu, huyu chooni. Mwisho wa mkanda wa tatu, mwanamke mwenye kofia ya manyoya alikuwa amesimama kando ya treni. Mwanamume akamfikia akihema, akafungua mdomo aseme. Mkanda ukaisha.

"Aaa!" wakalia wote.

Babu akacheka, akalichukua kopo la mkanda wa nne. Akalipima uzito kiganjani kama desturi yake, akafungua kifuniko, akaingiza mkono, akagota.

"Hii nini?"

Ilikuwa sahani kubwa ya bati, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni.

Mama Vifungo aliruka juu, vifungo vyake vikatawanyika sakafuni. Sista, aliyekuwa amesinzia, akazinduka na kuuliza nani kafa. Kimya alisimama na beseni la bisi mkononi, asijue aliweke wapi. Mzee Nusu peke yake ndiye aliyebaki kitini.

"Basi, imeharibika," alisema polepole. "Ahirisha safari, Fundi. Tutautafuta wiki ijayo."

"Gari linakuja saa kumi na mbili, Mwalimu," alisema Babu. Uso wake ulikuwa umemlegea. "Sasa ni saa kumi na robo."

Kimya alikwenda korido kuondoa birika, maana kura haingekuwapo tena. Alipolinyanyua, kitu kikacheza ndani. Akafunua mfuniko. Palikuwa na vifungo vitano.

Alisimama pale akivitazama, na akili ikamzunguka kama feni. Nani ampe maksi kamili mtu ambaye hajamaliza kusema? Mtu wa kutia kabla ya mwisho ni yule tu anayejua kwamba mwisho hautafika.

Alirudi sebuleni akawaonyesha. Alilitanguliza birika mbele yao.

"Ehee!" Mama Vifungo alipiga makofi. "Mwizi kajipigia kura! Wewe si unashinda na vitabu vya upelelezi huko maktaba unakofanya kazi? Haya, tupeleleze."

Kimya alitamani ardhi impasukie. Lakini akamwona babu yake akipapasa ndani ya lile kopo tupu, kana kwamba mkanda ungeweza kujificha pembeni.

"Naomba," alisema kwa sauti ya chini, "mmoja mmoja, jikoni. Na kila mtu aje na vifungo vyake."

Wa kwanza alikuwa Mama Vifungo, kwa kuwa hakukubali kuwa wa pili.

"Najua unachowaza, mwanangu. Vitano ni maksi zangu. Lakini vyangu ndivyo hivi, nimeviokota kwa magoti, tazama nilivyochafuka!" Akavimwaga mezani. Vitano. "Na mimi niibe mwisho ili iweje? Nina hamu ya kumwona yule bibie akivua koti. Ndani pale pana gauni, nakuapia."

"Uliwahi kuingia stoo wiki hii?"

"Sijaingia. Ila kuna mtu kaingia leo, na mkoba." Akakonyeza jicho. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Sista alipoingia, alifumbua kiganja kabla ya kuulizwa. Vifungo vitano vilikuwa vimeacha alama za duara kwenye nyama. Alikuwa amelala navyo.

"Dada, stoo ulifuata nini?" Kimya aliuliza, macho yake kwenye meza.

"Siwezi kukwambia."

"Mkoba wako..."

Sista aliufungua mwenyewe. Viatu vya kazini, sweta, kitana, na kichupa kidogo cha dawa ya macho. Wote wawili wakakitazama kile kichupa.

"Ni ya babu yako," alisema Sista mwishowe. "Namtilia huko stoo ili usione. Jicho la kushoto limekwisha, mdogo wangu. La kulia ni kama dirisha lenye ukungu. Kule anakokwenda atafanyiwa upasuaji, na daktari hakumwahidi kitu. Alinikataza nisiseme." Akakirudisha mkobani. "Sasa umeelewa kwa nini leo ni leo?"

Kimya aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa ameelewa chochote, au ameelewa mengi mno kwa pamoja. Kwa hiyo ndiyo maana Babu hupima makopo kwa kiganja. Na mwizi alilijua hilo, ndipo akatia sahani. Lakini wote walilijua! Akawaza jambo lililomtia aibu: je, Babu mwenyewe ndiye kauficha, asitake wao wauone mwisho ambao yeye hataweza kuuona? Alimwita naye jikoni, akamwuliza nani alikuja nyumbani wiki hii.

"Alhamisi alikuja Mwalimu, tukacheza drafti. Akanisaidia kuosha vyombo. Ijumaa Mama Vifungo kaleta suruali yangu, lakini hakupita mlangoni." Babu akaweka vifungo vyake vitano mezani. "Unanishuku na mimi?"

"Hapana, Babu," alisema Kimya, na machozi yakamlenga.

"Nishuku tu. Mpelelezi asiyemshuku babu yake si mpelelezi."

Mzee Nusu aliingia wa mwisho. Aliingia ameshika koti lake kwa mkono mmoja kifuani, kama mtu aliyepigwa na baridi, ingawa jikoni palikuwa na joto la kuyeyusha samli. Kwa mkono wa pili akamwaga vifungo vitano.

"Vyangu hivyo, mjukuu wangu. Kamili."

"Asante, Mwalimu. Alhamisi uliosha vyombo?"

"Niliosha."

"Uliiona sahani kubwa ya bati?"

"Sahani ni sahani." Akageuka. "Tumwache Fundi apumzike. Aahirishe tu safari."

Kimya alibaki peke yake. Akaongeza vitano vyake mwenyewe. Watu watano, vifungo ishirini na vitano vilivyogawiwa, na vyote viko mezani. Halafu vile vitano vya kwenye birika! Kopo la vifungo lilikuwa tupu, mapajani kwa mwenyewe. Vifungo vimezaa? Alivihesabu upya, akakosea, akahesabu tena. Sebuleni saa ya ukutani iligonga kumi na moja.

Alivuta pazia la jikoni ili apate mwanga. Akavipanga vyote kwa mstari, fungu kwa fungu, kama anavyopanga kadi za maktaba anapochanganyikiwa. Ndipo akaviona. Katika fungu moja, viwili vilikuwa vidogo kuliko vingine, vidogo kama vya mikono ya koti. Na kwenye matundu ya kimoja kati ya vilivyobaki palining'inia uzi mweusi. Vifungo vya Mama Vifungo vilikuwa vipya. Havijawahi kuonja sindano.

Akakumbuka mkono uliokuwa umeshika koti kifuani. Akakumbuka kivuli juu ya kofia ya manyoya. Akakumbuka nani hakusimama.

Alirudi sebuleni. Alitamani mtu mwingine yeyote aseme badala yake.

"Mwalimu," alisema, "naomba usimame."

"Miguu inaniuma."

"Basi naomba uachie koti."

Mzee Nusu akamtazama, akawatazama wengine, kisha akaachia. Koti likafunguka. Palipokuwa na vifungo, nyuzi zilikuwa zimetoa ndimi.

"Yesu na Maria!" alisema Mama Vifungo. "Amekatakata koti zima! Na nililishona mimi!"

"Ulitia vya kwako kwenye birika wakati wa mapumziko," Kimya alisema, akiangalia vidole vya miguu yake. "Nilipowataka vifungo jikoni, ukasubiri kuwa wa mwisho, ukang'oa vya koti. Alhamisi ulichukua sahani ulipokuwa unaosha vyombo, ukaitia kwenye kopo, maana unajua Babu hupima kwa mkono. Na mkanda haujatoka humu ndani. Leo umekaa juu kuliko siku zote."

Mzee Nusu akainuka polepole. Sista akanyanyua mto wa kiti. Chini yake, umeviringishwa kwa shali nene ili usiumie, palikuwa na mkanda wa nne.

"Sikuiba," alisema mzee. "Haukuvuka hata mlango. Nilifikiri filamu isipoisha, hutaondoka. Wewe huachi kitu katikati, Fundi, nakujua."

"Mwalimu," Babu alisema, "mimi naenda kutibiwa macho. Nikikawia sitaona mkanda wala wewe."

Mzee Nusu aliketi tena, kwa kishindo.

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza. Miaka yote hii unakuja hapa, unaniambia filamu zangu zina kasoro, unakwenda zako."

"Na vile vitano?" aliuliza Mama Vifungo, ambaye hakuweza kuvumilia. "Filamu haijaisha, wewe umeipa zote?"

"Havikuwa vya filamu," alisema Mzee Nusu.

Babu aliuchukua mkanda, akaupapasa ukingo wake kwa kidole, akautia kwenye projekta bila kuhitaji macho. Bado zilikuwa zimebaki dakika kadhaa kabla ya gari. Lakini hakuwasha.

"Nikwambie inavyoisha?" alimwuliza rafiki yake. "Yule bwana anafungua mdomo, halafu anaufunga. Hasemi. Anavua kofia tu, na treni inaondoka. Bibi yake Kimya alilia njia nzima. Mimi sijawahi kuipa zaidi ya vitatu. Mtu kakimbia mji mzima, kafika, halafu hasemi!"

Mzee Nusu alivuta pande mbili za koti lake lisilo na vifungo, akazikutanisha kifuani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kimya, ambaye aliujua ugonjwa huo kuliko mtu yeyote mle ndani, akaenda akasimama karibu yake, akamshika mkono.

"Wewe ni rafiki yangu," alisema mzee. "Sina mwingine. Nenda ukatibiwe, halafu urudi. Ukiona, urudi. Usipoona, urudi vilevile, nitakaa hapa nikusimulie picha."