Pamba Iliyobaki

Mtumbwi wa mbao ukitoka matengenezoni lazima uvuje kidogo siku ya kwanza, mpaka mbao zinywe maji zivimbe. Wa Lukumani haukuvuja hata tone. Aliusukuma bwawani Igombe asubuhi, akapapasa ndani, akakuta pakavu kama barazani. Mwingine angefurahi. Yeye, tangu amzike mkewe Amne wiki tatu nyuma, hakuwa na furaha wala huzuni. Alikula kwa sababu chakula kimewekwa mbele yake.

Siku ya tatu mtumbwi ukaanza kunuka kafuri. Jua likiwa la utosi na upepo umelala, mlisikika mtu akivuta pumzi katikati ya mbao. Najiat, binti yake wa miaka mitano, akawa anakwenda kukaa humo na kupiga soga peke yake.

Zamda, dada yake Lukumani, alifika kutoka Gongoni, akasimama mbali, mtandio puani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lukumani, nyufa za mtumbwi umezitia kalafati ya pamba gani?" alinong'ona.

"Ile iliyokuwa kabatini."

"Iliyobaki tulipomkafini Amne?"

"Pamba ni pamba, dada."

"Ya Rabi! Si nilikwambia uizike? Kilichobaki kwa maiti huzikwa. Sasa umemkaribisha nani humo? Mtoto anaongea na nani?"

Hakuwa mkaidi, maskini. Kwenda mjini kununua pamba nyingine kulimshinda tu. Msiba humfanya mtu mzima akose akili ya kufunga vifungo vya shati lake.

Kesho yake Maalimu Majidi, mtoa majini aliyeitwa na Zamda, akaja na pikipiki kutoka Goweko. Mtumbwi ukavutwa nchi kavu. Akatega sikio kwenye ubao, akarudi nyuma haraka.

"Huyu si mkeo," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, limevaa sauti yake. Ng'oa pamba yote, kwa mkono uleule ulioitia, tukaizike. Ukibakisha hata kidogo, litamchukua mtoto. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Maalimu."

Yeye na Zamda wakasimama kando wakisoma dua. Lukumani akashika patasi, akaanza kuchokoa ufa mmoja baada ya mwingine, na kila pamba ilipotoka, nyeupe bado ingawa aliichovya mafuta na kuifunika lami, sauti ya Amne ilimwita jina kwa upole, ikififia, ikihamia ufa unaofuata, mpaka ukabaki mmoja tu chini ya tezi, nyuma kabisa ya mtumbwi, na humo ikamwambia, "Umechoka, baba Najiat, pumzika," na kifua chake, kilichokuwa kimekufa ganzi tangu makaburini, kikamuuma kwa mara ya kwanza, kikamuuma sana, naye akayapenda maumivu yale.

Akapaka lami juu ya ufa ule.

"Tayari, Maalimu."

Wakaizika pamba, wakaomba dua. Zamda alilia kwa shukrani, akamkumbatia nduguye, akapanda pikipiki nyuma ya Maalimu. Mlio ukapotelea barabarani.

Lukumani akachutama kando ya tezi.

"Wameondoka?" ikauliza sauti.

"Wameondoka."

"Nimemkumbuka mwanangu. Niletee."

Alifikiri kidogo. Hakuona sababu ya kukataa.

"Ngoja nikamvishe viatu," akasema, akashika njia ya nyumbani.