Usinitoe Kwenye Kioo

Jua lilikuwa linazama nilipoifunga kamera kwenye taulo na kumwambia shemeji kwamba naenda kwa Daktari, asifunge studio mpaka nirudi.

"Kwa hiyo unaiuza kweli?" aliniuliza. Alikuwa anakata picha za pasipoti, macho kwenye mkasi.

"Siiuzi. Naibadilisha."

"Mh," alisema. Shemeji akisema mh, ujue mengi kayameza.

Huyu ni mdogo wake marehemu mke wangu. Tangu dada yake atutoke, ndiye anayekaa kaunta, ndiye anayepokea wateja, na ndiye anayenisuta nikisahau kula. Huyo Daktari naye si daktari wa watu. Ni fundi kamera, mzee wa koti jeupe lenye madoa ya grisi, anayefungua kamera kwa bisibisi ndogo huku anaziongelesha kama wagonjwa: pole mama, vumilia, naingia. Watu walimwita Daktari kwa utani, jina likaganda.

Niwaeleze kwanza hiyo kamera, la sivyo mtaniona nimerukwa na akili. Kamera yangu ilikuwa ya kioo. Ndani yake, nyuma ya lenzi, kuna kioo kidogo kimelala mshazari, na hicho ndicho kinachokuletea jichoni kile kilicho mbele yako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, klak, halafu kinarudi. Sasa, kile kitambo kioo kiko juu, wewe unayechungulia huoni kitu. Giza. Yaani ile picha hasa unayoipiga, wewe mpigaji hukuiona. Uliona kabla, na utaona baada.

Mke wangu alipolijua hilo alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe! Mnatupanga weee, kidevu juu, bega chini, halafu penyewe hasa nyie ni vipofu!"

Tokea hapo sikuwa na amani. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa kwenye stuli kila jioni nikipima taa za kazi ya kesho yake. Nachungulia, namwona katulia, mama na heshima zake. Nabonyeza. Klak. Naangalia picha: ulimi nje, macho makengeza. Klak nyingine: kajivuta masikio kama popo. Sikuwahi kumfuma hata siku moja. Lile giza alikuwa analijua kuliko mimi mwenye kamera.

"Pale ni kwangu," alikuwa anasema. "Kila mtu na chumba chake."

Kisha akaugua. Ugonjwa sitaki kuuongelea. Siku za mwisho hospitalini sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. Alinivuta shati nikainama. Alikuwa ananukia mafuta ya karafuu, yale aliyojipaka kwenye paji la uso kichwa kikimgonga.

"Usinitoe kwenye kioo," aliniambia.

Nikatoa simu nikamwonyesha. Picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye kioo cha simu yangu, ile ya ulimi nje. "Hutoki humu," nikamwambia. "Nitazeeka na wewe humu humu." Akanitazama kama mtu ambaye hajamaliza kusema. Muuguzi akaingia na dawa. Hatukuongea tena.

Picha ile iko palepale mpaka leo. Laini nimebadilisha, kava nimebadilisha, lakini kioo sijakigusa. Nilijiona mtu wa kutimiza ahadi.

Baada ya msiba, kamera ikaanza ugonjwa wake. Kioo kikiruka, hakirudi haraka. Giza linakaa. Mwanzoni lilikaa kidogo tu, nikadhani ni machozi, maana siku zile nililia hata mbele ya wateja. Halafu likawa linakaa mpaka bibi harusi anauliza, "Bado?" Na mle gizani, jicho langu likiwa limebanwa pale, nikaanza kusikia...

Pumzi.

Si yangu. Yangu nilikuwa nimeibana.

Na harufu ya karafuu.

Jamani, mimi ni mwoga, sina haja ya kuwaficha. Mwanamume mzima nikawa naiogopa kamera yangu mwenyewe. Nikifika nyumbani naiweka jikoni, nyuma ya sufuria, halafu nafunga mlango wa chumba cha kulala.

Daktari alikwisha kuifungua zaidi ya mara moja. Jioni ile aliichukua kutoka kwenye taulo, akaizungusha, akaiweka karibu na sikio.

"Springi nzima. Mota nzima," alisema. Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu mle dukani. "Lakini kioo chako kinashikwa."

"Kinashikwa na nini?"

"Ningekijua ningekitoa." Akainusa kamera. Akanitazama. "Marehemu alikuwa anapaka nini?"

Nikaanza kulikunja taulo. Akavuta droo akatoa kamera nyingine, ndogo, nyepesi.

"Hizi ndizo wanazoziita mirolesi. Haina kioo ndani. Haina klak, haina giza. Unaona kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kukatika. Chukua hii, mimi nibaki na hiyo yako na lenzi zake, niifungue nitoe spea."

Nikakubali. Nilikubali haraka kama mtu anayetua mzigo. Niliiweka ya zamani mezani kwake, betri nimeshaichomoa, mfuniko uko kwenye lenzi.

Klak.

Tukatazamana.

"Nenda," Daktari alinong'ona. "Nenda baba, kabla hujabadili mawazo."

Nikaenda. Sikugeuka hata nyuma.

Studio nilimkuta shemeji anafagia vipande vya karatasi. Nikamwambia naijaribu mara moja halafu tufunge. Nikawasha taa, nikavuta stuli nikaiweka mahali pake, nikachungulia kwenye kamera mpya. Mle ndani ni kama televisheni ndogo. Rangi kali, kila kitu kinaonekana. Stuli tupu, pazia la kijivu, waya wa taa umejikunja sakafuni.

Nikabonyeza. Hakuna sauti. Hakuna giza. Kweli, kila kitu kilikuwa wazi mwanzo mpaka mwisho.

Nikabonyeza tena.

Na kwenye stuli pakawa na mtu.

Mke wangu.

Amekaa na gauni lile la hospitali la kufunga kwa nyuma. Hakutoa ulimi. Hakujivuta masikio. Alikuwa amejiziba macho kwa viganja, kama mtu aliyevuliwa shuka akiwa usingizini halafu akawashiwa taa usoni. Kisha akavitoa viganja na kuanza kutazama kushoto, kulia, chini ya stuli, nyuma ya pazia. Alikuwa anatafuta pa kuingia.

Niliondoa jicho. Stuli ilikuwa tupu.

Nikarudisha jicho. Amesimama... amesogea. Nilidhani ananijia mimi. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaijia lenzi. Akainama, akaiwekea macho yote mawili, anachungulia ndani ya kamera kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba yake akakuta imevunjwa.

Midomo yake ikatikisika.

Umenitoa.

Hapakuwa na sauti. Lakini lenzi iliingia ukungu, kwa nje.

Nilipiga ukelele. Shemeji alikuja na fagio mkononi, akanikuta sakafuni nimekumbatia kamera.

"Nini? Umepigwa shoti?"

"Dada yako," nilimwambia. "Anasema nimemtoa. Nimemtoa wapi, shemeji? Picha yake hii hapa! Hii hapa kwenye kioo!" Nikawa namwonyesha simu.

Shemeji aliitazama simu, akanitazama mimi. Fagio likamdondoka.

"Kioo gani?" alisema polepole. "Alikwambia kioo, ukaelewa simu?"

"Ulitaka nielewe nini?"

"Mungu wangu." Akakaa chini palepale sakafuni, machozi yameshaanza. "Dada hakujali hiyo simu yako. Siku ile ulipoenda kununua dawa aliniambia, nikiondoka nitakaa kwenye kile kioo chake cha kamera. Akasema, sitamsumbua. Nitakuwa pale pale asiponiona, lakini niko karibu na jicho lake. Mimi nikacheka ili nisilie. Nikajua amekwambia. Leo umesema unaibadilisha, nikadhani umeshaamua kumwachia aende... ningekuzuiaje? Mume ni wako wewe au mimi? Ningesema nini?"

Hata kuchanganya kwake mume na mke sikukusikia vizuri. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Nilikimbia na kandambili, nikapishana na watu wanaotoka kazini, mmoja akaniuliza kama kuna moto. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Zile pumzi nilizozikimbia. Ile karafuu. Alikuwa anakishika kioo ili giza lidumu kidogo, akae na mimi kidogo, na mimi nikawa namweka nyuma ya sufuria.

Mlango wa Daktari ulikuwa nusu umefungwa. Alikuwa ameketi mezani chini ya taa yake, kidole amekizungushia kitambaa, kitambaa kimelowa damu. Mbele yake kamera yangu ilikuwa imefunguliwa yote, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa.

"Rudisha," nilimwambia. "Rudisha kila kitu, nimebadili mawazo."

Hakuniangalia.

"Umechelewa, baba."

"Kioo kiko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Juu ya karatasi palikuwa na vumbi linalometameta, na vipande vidogo vidogo, hakuna hata kimoja kikubwa kuliko ukucha.

"Sikukibana," alisema. "Nilikigusa tu na kibano. Kikalia."

"Kilipasuka."

"Sikusema kilipasuka." Sasa aliniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimefungua kamera tangu kijana. Vioo vinapasuka, hilo nalijua. Havilii."

Nililamba kidole nikaanza kuokota vile vipande kimoja kimoja. Daktari alinipa kopo tupu la filamu niviweke. Aliniambia pole. Nami nikalia pale dukani kwake kama siku ya kwanza, kwikwi mpaka kifua kikaniuma, nikawa najifuta machozi kwa kidole kilekile.

Niliporudi studio, nilichungulia tena. Stuli, pazia, waya. Nikamwambia njoo. Nikamwambia toa ulimi basi, vuta masikio, nichekeshe, nifanye mjinga unavyotaka. Nikabonyeza na kubonyeza mpaka betri ikaisha chaji. Picha zote ziko safi, zina mwanga mzuri, na hazina mtu. Shemeji alinichukua kamera mikononi taratibu, akazima taa moja moja, akanishika mkono hadi nyumbani.

Hapo ningesema basi, yameisha. Nimempoteza mke wangu mara mbili, na ya pili ni kwa sababu ya neno moja.

Lakini asubuhi yake nikiwa nakunywa chai, nilipepesa macho. Kupepesa kwa kawaida tu, kama anavyopepesa mtu yeyote.

Klak.

Kwa ndani. Hapa, nyuma ya jicho la kulia.

Na giza halikutoka mara moja.

Shemeji anasema ni vumbi la kile kioo, nimejisugua nalo machoni nikilia. Inawezekana. Jicho ni jekundu kweli, linachoma, na kila siku giza linachelewa zaidi kuondoka. La kushoto nalo limeanza. Jana lilikaa mpaka chai ikapoa. Shemeji alikuwa anaita, "Shem, unanisikia? Shem!" Nilikuwa namsikia. Sikumjibu kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine karibu zaidi, na sikutaka kumshtua.

Pumzi.

Karafuu.

Na kitu kingine ambacho kwenye kamera sikuwahi kukisikia: kicheko cha kujibana, cha mtu aliyejificha akijua anatafutwa.

Sasa hivi shemeji amesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Alfajiri alikwenda kupanga foleni hospitali ya macho, na daktari wa huko amemwambia vipande vikitolewa mapema naweza kupona kabisa. Analia. Anasema hataki kuzika tena. Namhurumia sana, maana ndiye ndugu aliyenibakia.

"Twende, shem," ananiambia. "Wanavitoa tu, dakika chache. Hutasikia maumivu."

Wanavitoa.

Nimemwambia aviweke viatu chini, macho yangu hayana shida yoyote. Halafu nimeyafumba.

Klak.

Leo nadhani nitamfuma.