MAMA WA KABEZA ANAYENIPIKIA

“Uliniuza, Swafiya! Mimi ndugu yako wa tumbo moja... ukaniuza!”

Dada yangu Raihana alinirushia mushanana usoni.

Ndiyo, mushanana, vazi langu la gusaba! Alikuwa akinishonea mwenyewe kwa cherehani yake, kwa ajili ya siku ambayo familia ya mchumba wangu ingekuja kuniposa mbele ya watu. Ulikuwa bado una pini. Moja ilinichoma shavuni.

“Nimekuuza kwa nani, dada?”

“Muulize huyu!”

Huyu ni mume wake, Habumugisha. Alikuwa kasimama mlangoni, kanuna, mikono mifukoni.

“Shemeji,” akasema, “kumbe mimba ya pili ilitoka, mimi nikaambiwa ni malaria. Watu wanajua, na aliyeniambia nimeapa simtaji. Mimi bwana yake ndiyo sijui. Ni sawa hiyo?”

Jamani, ameitoa wapi hiyo?

Siri ile Raihana hakumwambia hata mama yetu. Aliogopa, maana ndugu za mume walishaanza kunong'ona kwamba aachwe, hazai. Ukinitoa mimi, alimwambia mtu mmoja tu chini ya jua: mshauri wa laini yetu ya simu.

Na aliyembembeleza apige ile simu ni mimi.

“Piga, dada. Ni siri tupu. Ile mashine naitunza mimi.”

Sasa alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekanyaga uchafu.

“Mashine unaitunza wewe,” alisema taratibu. “Sasa nani mwingine?”

Wakaondoka, nikabaki nimekumbatia mushanana wenye pini.

Ngoja niwaeleze kazi yangu, msije mkapotea njiani.

Ofisi yetu iko Muhima, juu ya maduka ya vitenge. Wanawake wanapiga, wanalia, wanashauriwa, wanakata simu wakiwa wepesi kidogo. Katikati yao na mshauri kuna seva. Ndiyo inayopokea simu, inapiga muziki wa kusubiri, inaunganisha na kuhifadhi sauti ili mshauri ajue alipoishia na mtu. Anayeisimamia ni mimi.

Mkurugenzi wetu ni Madamu Annick, mama aliyekulia Bujumbura, mpole lakini ana amri zake. Kuna wakati seva ilizima wikendi nzima na hakuna aliyejua. Wanawake walipiga, simu ikaita tu hewani. Madamu alikasirika sana.

“Swafiya, nataka niione hiyo mashine nikiwa nyumbani. Na ikifa, sauti za watu zisife nayo. Voilà!”

Nikaipanga upya. Kwanza, usimamizi wa mbali: ukifungua kwenye simu yako unaona kama seva iko hai, kama diski inajaa, kama simu zinapita. Pili, nakala za akiba: kila siku seva inajinakili yenyewe kwenye mashine iliyoko tawi letu la Kabuga, ili Muhima ikiungua, Kabuga ipo.

Madamu alitaka akaunti yake iweze kila kitu, hata kufungua sauti.

“Hata sauti, madamu?”

“Mtu akilalamika, nani anajibu? Si mimi?”

Nikampa. Ni bosi.

Aliyenisaidia upande wa Kabuga alikuwa Cyusa, mchumba wangu. Ah, Cyusa! Fundi wa mitandao, mtanashati, mdomo wa asali. Ofisi nzima ilimpenda. Madamu alikuwa akimwita “mkwe wetu.” Alikuja kila mara na masikio yake yamezibwa na visikilizio, anatabasamu peke yake.

“Unasikiliza nini?” nilikuwa namuuliza.

“Vichekesho tu, mpenzi.”

Kumbukeni hilo neno... vichekesho!

Basi, kesho yake asubuhi nikawahi kazini kabla ya wote. Seva yetu huandika nani kaingia na kafungua nini. Nikatafuta siku ambayo Raihana alipiga.

Patupu! Siku ile ilikuwa imefutwa.

 Lakini aliyefuta alisahau jambo moja: Kabuga. Ile nakala ya akiba ilikuwa imeshachukuliwa kabla hajafuta. Nikaifungua nikiwa palepale Muhima, na humo ilikuwepo, haijaguswa.

Akaunti ya Annick. Imefungua sauti ya Raihana. Imesikiliza.

Imerudia kusikiliza. Na tena. Na tena!

Na si Raihana peke yake. Wanawake wengi. Kila aliyelia zaidi ndiye aliyerudiwa zaidi.

Wapendwa! Mtu mzima anakaa anachagua vilio vya wenzake, anaonja hiki, anaonja kile, kama mtu anayejipakulia melanji harusini, kidogo cha kila chakula. Mpaka leo nikikumbuka nasikia kinyaa.

Nilimchukia Madamu Annick tangu dakika ile. Sikujiuliza hata swali dogo: mama ambaye hajui kubadilisha mlio wa simu yake, kafutaje kumbukumbu za seva?

Nikaenda kwa Raihana. Sikukaribishwa ndani. Tuliongea nje, kwenye benchi ya wateja wake.

“Ni bosi wangu, dada. Nimeona kwa macho yangu.”

“Leo bosi. Kesho utasema ni seva yenyewe imefungua mdomo.”

“Wallahi si mimi!”

Alikunjakunja kitambaa. Halafu akasema:

“Sawa. Basi nitapiga tena. Niseme uongo ambao duniani tunaujua wawili tu. Ukitoka mahali, tutaona umetokea wapi. Usipotoka, Swafiya, ujue huna dada.”

“Uongo gani?”

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kona ya mdomo inacheza.

“Niseme hujui kupika. Kila chakula unachompelekea Cyusa unanunua kwa mama mmoja wa Kabeza, unakihamishia kwenye sufuria zako.”

“Dada! Mimi?”

“Wewe. Na usimwambie mtu. Hata Cyusa.”

“Cyusa ni mtu wetu...”

“Hata Cyusa!”

Akapiga. Akalia vizuri kweli, akamwambia mshauri aibu ya mdogo wake Swafiya itawaua siku ya harusi, mchuzi wa Kabeza, sambaza, vile visamaki, za Kabeza, kila kitu cha Kabeza. Kesho yake nikaangalia. Akaunti ya Annick: imefungua. Imesikiliza. Imerudia.

Na Madamu mwenyewe akapita mbele ya meza yangu akitabasamu.

“Ça va, ma fille? Gusaba inakaribia, eh?”

Nilitamani kumtemea mate. Nikasema ça va.

Siku ya gusaba ikafika. Raihana alikuja kunivisha kwa sababu mama alimlazimisha. Alinifunga mushanana bila kuniangalia usoni. Habumugisha alikaa nje na wanaume, mbali na kila mtu.

Mnajua mambo yetu. Mahema mawili yanatazamana, upande wa msichana na upande wa mvulana, fanta mezani, na wasemaji wawili wanarushiana maneno mpaka watu wanalia kwa kicheko. Sisi tulikuwa na Mzee Sibomana. Wao walimleta Mzee Bigirimana, jirani yao wa Kabuga, aliyekulia Burundi. Walimchagua kwa sababu Kiswahili kinamtoka kama maji na upande wetu ni watu wa Kiswahili. Bibi harusi haonekani. Anakaa ndani mpaka aitwe. Kwa hiyo mimi na Raihana tulikuwa nyuma ya pazia la dirisha, tunasikiliza.

“Mnataka nini hapa?” Mzee Sibomana aliuliza kwa kiburi cha kuigiza.

“Tumeona maua kwenu, tumekuja kuomba moja.”

“Maua yetu yote yana wenyewe. Rudini!”

Watu kicheko. Mzee Bigirimana akaegemea fimbo yake, akangoja kelele zitulie.

“Sawa, mzee. Kama Swafiya mnamnyima... basi tupeni yule mama wa Kabeza anayempikia! Hatuwezi kurudi na njaa!”

Mahema yote mawili yalipasuka kwa kicheko. Vigelegele!

Mkono wa Raihana ulisimama begani kwangu, na pini.

“Swafiya...”

“Nimesikia.”

“Yule mama... si tulimtunga?”

 Nilitoka.

Nilitoka kabla ya kuitwa! Bibi harusi! Mama yangu alipiga kelele, “Rudi ndani, we mtoto!” Sikurudi. Nilipita katikati ya mahema mawili na pini zangu, mpaka mbele ya Mzee Bigirimana. Kicheko kilikatika.

“Mzee, samahani. Huyo mama wa Kabeza umemjua wapi?”

Mzee akacheka kidogo, hana wasiwasi.

“Si kwa ile ikinamico yenu, mwanangu!”

“Ikinamico gani?”

“Michezo ya redio mnayotengeneza huko Muhima. Cyusa anatuwekeaga kwa spika tukimaliza kula. Kila mtu anakuja na kiti chake. Hiyo ya wewe na mama wa Kabeza nilidhani wenzako wamekutungia, wakuchekeshe harusini!”

Nikamgeukia Cyusa. Suti nzuri, viatu vinang'aa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mgeni mmoja wa heshima akasimama upande wetu. Madamu Annick!

“Attendez! Sauti za watu wetu? Nani alifungua?”

“Akaunti yako, madamu,” nilisema.

“Yangu? Mimi hata sijui hiyo kitu inafunguliwaga wapi! Simu yangu nilimpa Cyusa aniwekee. Password nilimpa yeye. Si ni mkwe wetu?”

Jamani, jamani... Mwezi mzima nimemchukia mama wa watu bure!

“Swafi,” Cyusa alianza, sauti laini ileile, “ulikuwa utani tu, mpenzi. Sikutaja jina la mtu. Kule nyumbani walijua ni mchezo...”

“Na mimi?”

Aliyesema hivyo ni Habumugisha. Alikuwa amesimama.

“Mimi hukuniambia ni mchezo. Tulikuwa tunaangalia mpira, ukaniwekea sauti ya mke wangu sikioni. Ukacheka. Ukasema, sikia bwana, wewe unalishwa malaria. Ukaniapisha nisikutaje.”

 Huyu ndiye nilikuwa nampikia. Kumbe akikaa pembeni yangu akitabasamu, dada yangu alikuwa analia ndani ya masikio yake. Vichekesho tu, mpenzi!

Mama yangu alifungua mdomo. Mzee Sibomana alijikohoza. Lakini aliyesema kwanza alikuwa Mzee Bigirimana, na sauti ya utani ilikuwa imeisha.

“Ngoja kwanza. Mnasema wale mama... walikuwa watu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Wanalia kweli?”

“Kweli, mzee.”

Alivua kofia. Raihana alikuwa ameshafika nyuma yangu, bado kashika pini.

“Mke wangu Athanasie alimlilia yule wa mimba,” mzee alisema. “Alisema, huyu anajua kucheza, mpaka unaamini. Akaomba arudishwe tumsikie tena.” Akamtazama Raihana. “Ni wewe?”

Raihana alitikisa kichwa kukubali.

Mzee yule aliweka fimbo yake chini. Kisha akageukia hema letu, akainama kabisa, kama tulivyofunzwa kuinama mbele ya wazazi.

“Nilitumwa hapa kuomba msichana. Ninaomba radhi. Na ombi letu ninaliondoa mimi mwenyewe, kabla ninyi hamjakataa. Kwetu hakujafaa kupeleka mtoto wa mtu.”

“Mzee, huwezi...!” Cyusa aliruka.

“Nyamaza! Ulinilisha machozi ya watu nikacheka, nikaomba nyongeza. Simameni, twende!”

Na upande wa mvulana wote ukasimama. Fanta nusu nusu zikabaki mezani. Jamani, mimi sikukataliwa na sikukataa. Msemaji wa bwana harusi ndiye aliyeniokoa!

Cyusa polisi walimwita, na mambo yake yako huko, sitayasema hapa. Madamu Annick nilimwomba msamaha ofisini kwake. Aliniambia, “Enfin, hata mimi ningejishuku.” Akaunti yake sasa inaona kitu kimoja tu: seva iko hai au imekufa. Nakala za Kabuga zinafungwa kwa ufunguo kabla hazijatoka Muhima, na sauti haifunguliwi bila watu wawili kukaa pamoja. Kisha tuliwapigia wale wanawake wote ambao sauti zao zilifunguliwa, tukawaambia ukweli. Wengine walitutukana. Walikuwa na haki, tulisikiliza mpaka mwisho.

Habumugisha alirudi nyumbani na Raihana siku ileile. Sijui walisemezana nini, na sitaki kujua. Yale ni yao.

Ninachotaka mkichukue ninyi ni hiki. Msiulize tu nani ana password yenu. Kila mmoja amuulize mpenzi wake anacheka nini. Anayecheka kilio cha mtu asiyemjua, chako anakisubiri tu, zamu yake ifike.

Juzi Raihana alikuja kwangu bila taarifa. Nilikuwa nimepika sambaza. Alikaa, akala. Mimi nilikuwa nasubiri, moyo juu juu, maana tangu ile siku alikuwa hajaketi mezani kwangu.

Alipomaliza akafuta sahani kwa kidole, akaniangalia.

“Huyu mama wa Kabeza,” alisema, “anajua kupika, sha.”

Tulicheka mpaka tukalia, wapendwa. Na hakukuwa na mtu yeyote anayetusikiliza.