Waya wa Dirisha la Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme. Huyasimulia kama mtu anayesoma bili ya maji.

Mwenye duka alimwita aondoe waya wa umeme ambao yeye mwenye duka aliuzungusha kwenye dirisha la stoo kuzuia wezi. Mwizi alikuwa amefia pale nje, mkono umeung'ang'ania.

"Polisi wameshachukua maiti, wanasema nimeua. Kwani mali si yangu?"

Fundi alizima swichi kuu. Stoo ikawa giza, mvumo wa waya ukakoma. Akauvuta. Haukuja.

"Bosi, umeushika huko nje?"

"Mimi niko hapa nyuma yako."

Akavuta tena. Waya ukavutwa polepole kurudi dirishani, na nje mtu akasema kwa uchovu, "Zima basi, kaka. Mkono hauachii."