Kiingilio cha Majid

Watu wa Azaiba, mtaa wa Maskati, hawateremki garini kununua chai. Wanasimama mbele ya mkahawa, wanapiga honi, na mhudumu anakuja mbio na vikombe vya karatasi, akipenya baina ya magari. Jioni ile magari yalikuwa mengi, maana darasa za jioni za chuo kidogo cha biashara, hapo nyuma ya barabara kuu, zilikaribia kuanza, na mhudumu akavichanganya vikombe. Afra alipokea kikombe chake, akapiga fundo, akakunja uso. Tangawizi tupu. Yeye alikuwa ameagiza ya zaafarani.

Katika gari la ubavuni, kijana wa kanzu ya rangi ya maziwa na kofia iliyodariziwa kwa uzi wa kijani alikuwa anakitazama kikombe chake kama aliyepewa dawa ya homa.

"Hii chai au shira?" alijiuliza, kwa Kiswahili.

Afra alikuwa tayari kasema nusu ya neno la Kiarabu. Akaugeuza ulimi pale pale. "Hiyo yangu. Yako hii hapa, inachoma koo."

"Umeshaionja?"

"Fundo moja tu."

"Basi bakia nayo. Mie nitaimaliza yako, nijue wewe mtu wa namna gani." Akanywa tena, akafikiri. "Mtu wa sukari nyingi. Kwenu Unguja."

"Nimezaliwa hapa hapa. Bibi yangu ndiye wa Unguja."

"Na wangu," alisema, na uso wake wote ukacheka.

Jina lake Majid. Alikuwa amefanya kazi ya bohari miaka mingi kabla ya kurudi kusoma, na sasa alikaa mchana darasani na vijana waliomwita "ami" hata pale walipomwazima kalamu. Afra naye alipokea wagonjwa katika kliniki ya macho huko Matrah, na jioni alisoma uhasibu chuo hicho hicho pamoja na watu wazima wenzake. Wote wawili walikuwa wamechelewa, na hilo ndilo lililowakurubisha. Kila baada ya swala ya isha simu iliita. Majid alimwita "hayati", yaani "uhai wangu" kwa Kiarabu, Afra akamwita "babu wa darasa", na mama yake Afra, Bi Nasriya, akipita ukumbini alikohoa kidogo ili wajue kwamba nyumba ina wenyewe.

Siku moja kabla ya mtihani wake wa kwanza wa mwaka ule Majid alipiga simu sauti imemkauka. Kila alichosoma, alisema, kimemtoka. Akamwomba amsomee chochote. Afra akamsomea Falaq na Nas, sura za kinga. Kisha, bila ya kujua kwa nini, akamwimbia wimbo ambao marehemu bibi yake, Bibi Masouda, alikuwa akimlalishia:

*Howa Kiafra howa, mama yuko njiani,*
*Howa usililie giza, taa imo chumbani.*

Halafu Majid akamwomba amtumie kwa ujumbe wa sauti, awe nao.

"Huu hajapata kuusikia mtu nje ya nyumba yetu," Afra alimwambia. "Bibi aliutunga yeye mwenyewe, na jina aliloniita limo ndani. Nnauweka kwa mwanangu, Mungu akinijaalia. Usimpe mtu."

"Nimpe nani mie?" alisema Majid. "Nitazikwa nao."

Akautuma. Wiki chache baadaye Majid akasema mama yake na shangazi zake watakuja kuposa, Ijumaa ya mwanzo baada ya Siku ya Chuo. Bi Nasriya akaagiza halua. Afra akaswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu amwonyeshe la kheri, akamwachia Mola wake.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Afra alilicheka. Pale chuoni palikuwa na chama cha vijana kikiitwa Ndugu wa Ngome. Walivaa mishipi ya kijani begani, walikaa meza yao peke yao katika mkahawa wa chuo, na Siku ya Chuo wao ndio walioingia uwanjani kwa ngoma. Mkuu wao, Yaqdhan, alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, na wakubwa walimwogopa kama wadogo. Majid alitaka kuingia.

"Mtu mzima na ndevu zako, unataka mshipi?" Afra alimtania.

Majid hakucheka. "Mwaka wa pili huu nnakula peke yangu pale, Afra."

Maneno yale yalimwingia. Usiku ule katika dua yake alimwombea akubaliwe.

Naye alikubaliwa. Kila anayeingia, Majid alimweleza, hutoa kiingilio. Hawataki fedha, kila mtu anazo. Wanataka kitu ambacho hana mwengine. Afra alipomuuliza yeye ametoa nini, alisema ni siri ya Ndugu, akahamisha mazungumzo kwenye halua.

Siku ya Chuo ilikuwa na jua la upole, na tarumbeta za plastiki zilipigwa mpaka masikio yakawasha. Kwa mara ya kwanza watu wa jioni waliruhusiwa kuwa na upande wao uwanjani. Walikuja wahasibu, mama wa watoto wanne, dereva wa gari la wagonjwa, kila mmoja na skafu ya zambarau aliyoishona Ghadeer, rafiki wa Afra. Afra alivaa abaya yake mpya yenye mikono mipana. Alijiona mwanafunzi kama wanafunzi wengine, na alifurahi.

Ngoma zikalia. Ndugu wa Ngome wakaingia kwa safu, wakipunga fimbo juu, wakaimba.

*Howa Kiafra howa, Ngome iko njiani!*

Mwanzo alidhani masikio yake yanamdanganya. Sauti ya bibi yake, ile iliyokuwa ikishuka polepole kama mkono mgongoni mwa mtoto, ilikuwa inapigwa kwa fimbo na miguu. Maneno mengine waliyabadilisha. Jina waliliacha, maana lilikuwa zuri kupigia kelele.

Ghadeer alipiga makofi. "Shoga, wametutia na sie! Jina lako hilo."

Afra alikuwa amemwona Majid katika safu ya pili, mshipi begani, ngoma kiunoni. Macho yao yakakutana, na mkono wa Majid ukasimama juu ya ngozi ya ngoma. Wenzake waliendelea bila yeye.

Simu ya Afra iliita tangu mchana mpaka magharibi. Aliizima, akakaa katika chumba cha swala cha wanawake, juu ya mswala, bila ya kupata neno la kuomba. Siku ya pili Majid alimkuta pale pale mbele ya mkahawa wa chai, akateremka garini, akasimama karibu na dirisha lake. Hakuwa na kofia wala mshipi.

Afra alikuwa amemwekea mlango wa kutokea. Aliutayarisha tangu alfajiri.

"Walikuibia simu?" alimuuliza.

Majid angeweza kusema ndiyo. Afra alimwona akilifikiria neno hilo.

"Hapana," alisema. "Niliutoa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Waliniambia nilete kitu ambacho hana mwengine. Wenzangu walileta majambia ya babu zao. Mie kila nilicho nacho kinauzwa dukani, isipokuwa ule." Akameza mate. "Yaqdhan alisema watausikiliza mara moja, basi. Sikujua watauimba."

"Na kama wasingeuimba, ungeniambia?"

Majid akagusa bega lake lisilo na mshipi.

"Nimewarudishia mshipi wao, Afra. Mbele yao wote."

"Vizuri. Na wao wamekurudishia nini?"

Mhudumu alikuja na vikombe viwili, safari hii bila ya kukosea. Hakuna aliyevipokea, akaviweka juu ya boneti, akaondoka.

"Nimekusamehe, Majid," Afra alisema. "Sitaki kusimama mbele ya Mungu na wewe umenikaa kifuani. Lakini wazee wako wasije Ijumaa."

"Hayati..."

"Nilikuombea uwapate hao Ndugu. Umewapata, kisha ukawaacha. Mie nisingeweza kuishi nikingojea zamu yangu ya kuachwa."

Akapandisha kioo.

Nyumbani Bi Nasriya alimtazama uso tu, akaelewa kuna msiba usio na maiti. Aliuliza kitu kimoja: kama aliswali istikhara.

"Niliswali, mama. Jibu lilikuja uwanjani, na ngoma zake."

Chumbani mtoto wa kaka yake, Hajar, alikuwa analia. Afra alimchukua, akamlaza begani, akafungua mdomo. Wimbo ukatoka, na chini yake akazisikia fimbo na miguu. Akanyamaza. Akaanza tena, taratibu zaidi, kama Bibi Masouda alivyokuwa akifanya mtoto akikataa, na alipofika penye jina akatia jina jengine.

*Howa Kihajar howa, mama yuko njiani.*

Ukumbini Bi Nasriya alikuwa na simu sikioni, akiwaambia wazee wa Majid, kwa adabu zote, wasijisumbue Ijumaa. Mtoto alilala kabla Bi Nasriya hajamaliza kuwaaga.