Dada Yangu Alivyoitoa Video ya Mama Chini ya Fraktali Zangu

"Huwaida, video ya mama iko wapi?!"

"Nimeitoa."

Ameitoa!! Jamani! Jioni hiyo hiyo kazi yangu inaoneshwa ukutani pale pwani, mji mzima unakuja, na dada yangu wa tumbo moja ndiye ameniharibia!

Ngoja niwaeleze mjue kwa nini nilipandwa na wazimu.

Mimi natengeneza fraktali, yale maumbo yanayojirudia ndani kwa ndani, ukivuta karibu unakuta lile lile tena. Nazipanga kwenye kompyuta leya juu ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka, zinazunguka, zinabadilika rangi. Chini kabisa niliweka video ya marehemu mama akimtia Huwaida hina ya Idi. Nikizichanganya, ule weusi wa fraktali unapotea na mikono ya mama inachomoza katikati. Wueh! Nililia nilipoiona mara ya kwanza.

Na ndiyo video pekee ya mama tuliyobaki nayo.

Sasa naifungua... chini hamna kitu. Weusi mtupu!

"Una roho mbaya wewe! Umenionea wivu!"

"Nimekuita mara ngapi, Rawiya? Ukanifokea nisikusumbue, ati unarenda, kompyuta inaunganisha video."

"Ndiyo uifute? Kwani mama ni wako peke yako?!"

Huwaida akatoa flashi, akaichomeka. Video ya mama ikacheza peke yake, bila fraktali hata moja.

"Haya, tazama. Si mikono. Tazama kioo cha kabati."

Nikatazama.

Ya Rabbi...

Mle kiooni, nyuma ya Huwaida, mama anacheka, nywele zote mabegani. Mama yangu! Aliyekuwa hata shemeji yake akipiga hodi, mtandio kwanza ndipo aitikie!

"Ulitaka wanaume wa mji mzima wamuone mama kitwa wazi? Mato yako yalikuwa wapi?"

Niliona aibu, wallahi. Nikamkumbatia, nikaomba radhi. Kisha tukakaa pamoja tukaikata ile video, ikabaki mikono na hina tu. Jioni watu walipiga makofi, na Huwaida alikuwa ubavuni pangu analia.

Wenzangu, kabla hujamuita nduguyo adui, muulize kwanza ameona nini.

Siku zote zile mimi nilikuwa natazama fraktali. Mama alikuwa pale chini anacheka, wala sikumuona.