Anwani Aliyoifuta

Walikutana Jumamosi moja kwenye jengo la maduka ya kompyuta, mahali ambapo ukisimama kupumua unasukumwa. Yeye alikuwa mpiga picha wa harusi, gauni la kijani, kamera begani, sauti imemkauka kwa kubishana bei ya kisanduku cha kuhifadhia video. Kijana mwembamba wa shati la mistari akamwinamia.

"Dada, usichukue hiyo. Ina diski moja tu. Ikifa, umefiwa."

"Kwani wewe nani, daktari wa diski?"

"Fundi tu. Ila nimezika nyingi."

Mpiga picha akacheka bila kutaka, kisha akamweleza shida yake. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na kila jioni binti alimrekodi video akisimulia maisha yake: alivyoolewa, alivyomkimbiza baba yao na mwiko, nyimbo za kubembelezea watoto. Video zilikuwa zimejaa kwenye simu na kompyuta, zimetawanyika kama kuku.

Siku ya pili fundi akafika kwao na kisanduku cheusi chenye diski mbili, akakiunganisha na mtandao wa nyumbani, kwenye meza ya pembeni sebuleni, akahamishia humo video zote na kuzifuta kwenye simu na kompyuta.

"Kila kinachoingia kwenye hii, kinaingia na kwenye hii. Moja ikifa, nyingine ina kila kitu. Unabadilisha iliyokufa, maisha yanaendelea."

"Nitajuaje kama imekufa?"

"Itakutumia barua pepe. Taja anwani yako."

"Mimi barua pepe nasoma mwaka hadi mwaka. Weka yako."

"Yangu? Basi nimeshakuwa mtu wa nyumba hii."

Mama, aliyekuwa amejikunyata kwenye kochi, akadakia: "Kumbe siku hizi mkwe huletwa na waya!"

Binti akaona haya hadi masikio. Lakini maneno ya mama hayakuanguka chini. Mwezi haukuisha, simu zikawa asubuhi na jioni.

"Laazizi, kisanduku kimeniandikia kuwa kina joto."

"Mimi nina baridi. Na sina wa kumwandikia."

"Nakuja."

Na kweli alikuja, na machungwa ya mama kwenye mfuko.

Siku iliyowaharibia ilikuwa Jumanne. Mama alianguka bafuni. Binti akaacha kazi ya watu, akarudi mbio, akamwinua, akamlaza, akamwekea video zake za zamani zimtulize. Alikuwa bado anamfunika shuka simu ilipoita.

"Mpenzi," fundi akasema kwa utani, "naona kuna mtu amefungua kisanduku saa nne asubuhi. Si uliniambia leo uko kazini?"

Binti akatoka nje ya chumba. Mwanamume aliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa akimpekulia simu na kumhesabia saa, na ilimchukua miaka miwili kumkimbia.

"Kwa hiyo unanipeleleza?"

"Hapana, kipenzi, ni arifa tu zinakuja zenyewe..."

"Nyumbani kwangu! Na mama yangu ameanguka bafuni!"

Akakata. Akaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akaikuta anwani ya fundi, akaifuta. Kisanduku kikamuuliza kama ana anwani nyingine. Akaacha wazi, akabonyeza kuhifadhi.

Jioni fundi alikuja kugonga. Binti alisimama upande wa pili wa mlango, kiganja kwenye mbao.

"Nisikilize dakika moja tu."

"Nenda."

Akaenda. Alipiga simu wiki nzima, kisha zikakoma. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa amekasirika?

Baada ya miezi minne mama alifariki. Fundi alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa, na binti alimwona akajifanya hajamwona.

Ilimchukua wiki sita kupata ujasiri wa kuisikia tena sauti ya mama. Asubuhi hiyo alifunga pazia, akakaa kwenye kochi lile lile, akafungua kompyuta. Hakukuwa na kitu. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa mbili nyekundu. Akampigia mtu pekee aliyekijua kisanduku hicho.

"Njoo," alisema, akakata simu.

Fundi alishinda siku tatu kwenye meza yao. Alizipeleka diski hata kwa mtaalamu anayemzidi. Siku ya tatu aliingia mikono mitupu.

"Ya kwanza ilikufa mwezi wa tatu tangu tuachane," akasema taratibu. "Ya pili imefuata juzijuzi. Katikati hapo kulikuwa na muda wa kuokoa kila kitu. Kilijaribu kutoa taarifa, lakini..."

"Hakikuwa na wa kumwambia."

"Ndiyo."

"Nilikufuta mimi. Kwa mkono wangu huu."

Akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Fundi hakumwambia anyamaze. Alikaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, macho yake yamejaa machozi.

"Na mimi nina kosa," akasema mwishowe. "Siku moja ulikuwa jikoni, mama akaniita. Akaniambia: 'Huyu mwanangu akikufukuza, usiende mbali. Kaa ngazini, atatoka mwenyewe.' Nami ulivyosema nenda, nikaenda."

Binti akainua uso. "Hajawahi kuniambia hilo."

"Aliniambia mengi ulipokuwa jikoni."

"Mengi gani?"

"Alisema baba yenu alijificha juu ya kabati, siku ya mwiko."

"Chini ya kitanda!" Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Mama alisema chini ya kitanda."

"Mimi aliniambia kabati."

"Basi alikuongopea." Akasogea, akakaa karibu naye kwenye zulia. "Endelea. Alisema nini tena?"